Nyenje wa Miaka 17: Kisa cha Mzee Banneker, Namba Tasa na Mirungi

Naandika kutoka Columbia.

Kwanza tuelewane ni Columbia ipi, maana ukipiga simu nyumbani ukasema unaishi Columbia, mjomba anadhani umehamia kwa wale wacheza mpira wa Amerika ya Kusini, na shangazi anawatangazia majirani kwamba umepata nafasi kile chuo kikubwa cha New York. Wala siyo Washington, ingawa zile herufi D.C. nazo ndani yake kuna Columbia. Hii yetu ni mji wa jimbo la Maryland, katikati ya Baltimore na Washington. Mjenzi mmoja tajiri, James Rouse, aliupanga kwenye karatasi na kuufungua mwaka 1967 mahali palipokuwa mashamba. Tulioko huku tunaujua kwa duka lake kubwa, maziwa yake ya kuchimbwa kwa mashine, na mitaa yenye majina ya ajabu yaliyookotwa kwenye vitabu vya riwaya na mashairi.

Leo nataka niwaeleze habari za wakazi wa eneo hili ambao walikuwepo kabla ya Rouse, kabla hata ya jiji la Washington lenyewe. Na hivi ninavyoandika, wako chini ya miguu yetu, kimya, wanangoja mwaka wao ufike.

Nawazungumzia nyenje.

Mdudu mwenye kalenda

Nyenje tunamjua sote. Mchana wa jua kali, ukipita chini ya mwembe, unasikia mlio mmoja mrefu kama waya wa umeme unaotetemeka, lakini ukimtafuta humwoni. Wengine humwita nyenze. Kwetu anatokea kila mwaka, kwa hiyo hakuna anayemhesabu.

Huku kuna aina nyingine kabisa. Ni mweusi, macho mekundu kama aliyekesha wiki nzima ya mitihani, na mishipa ya mabawa yake ina rangi ya machungwa. Huyu anakaa chini ya ardhi miaka 17. Nasema 17, siyo "kama 17 hivi". Kundi la eneo letu wataalamu wanaliita Kundi la Kumi, na huandika namba hiyo kwa Kirumi, X. Lilitoka mwaka 1953, likatoka 1970, likatoka 1987, likatoka 2004, likatoka 2021. Litatoka tena 2038. Weka alama kwenye kalenda kama unayo inayofika huko.

Mambo yanakwenda hivi. Mwezi Mei, udongo wa chini kidogo, kama sentimeta 20 hivi, ukifikia joto la nyuzi 18, na hasa mvua ikiwa imenyesha, basi jioni tunutu (yaani nyenje mchanga asiye na mabawa) wanatoboa ardhi na kutoka. Matundu yao ni ya upana wa kidole. Wanapanda mti, ukuta, nguzo, hata kiatu chako ukisimama vibaya. Mgongo unapasuka, anatoka mdudu mweupe laini mwenye mabawa, na kufikia asubuhi ameshakuwa mweusi na mgumu. Ganda linabaki limeng'ang'ania pale pale. Mwaka 2021 mimi nilikuwa nafagia maganda kwenye ngazi kila asubuhi kama mtu anayefagia makapi ya karanga.

Kisha dume wanaanza kuimba. Hawaimbi kwa mdomo. Ubavuni wana vipande viwili vya ngozi ngumu vinavyobonyea na kurudi mamia ya mara kwa sekunde, kama mtoto anavyobonyeza kifuniko cha kopo: tik-tak, tik-tak, ila kwa kasi hiyo inakuwa mlio mmoja tu. Wakikusanyika mtini sauti inafika desibeli 90 na zaidi, sawasawa na mashine ya kukatia majani iliyo karibu yako. Mama alipopiga simu siku moja akauliza huko kuna kinu gani kinachosaga mchana kutwa. Nikamwambia ni wadudu. Alikata simu anacheka.

Baada ya kupandana, jike anachana vijiti vya miti kwa ncha ngumu aliyo nayo mkiani na kutaga ndani yake. Wazazi wote wanakufa ndani ya wiki nne hadi sita tangu watoke. Mayai yanaanguliwa baadaye, wiki 6 hadi 10, na vitoto vidogo kama chembe ya mchele vinadondoka, vinachimba, vinatafuta mzizi wa mti na kuanza kunyonya maji yake. Hakuna mzazi aliyebaki wa kuwaambia tarehe ya kurudi. Lakini wanarudi, mwaka ule ule, wote pamoja.

Kwa nini 17?

Sehemu ya jibu tunaijua tangu utotoni. Mnakumbuka kumbikumbi? Mvua ya kwanza ikinyesha, wanafumka ardhini kama moshi. Kuku wanakula, mijusi wanakula, paka wanakula, watoto wanakimbia na sufuria na beseni la maji. Kila mtu anashiba, na bado kumbikumbi wanabaki wa kutosha kwenda kuanzisha vichuguu vipya. Hiyo ndiyo ngao yao: wingi. Nyenje wa huku wanafanya vivyo hivyo, ila kwa kiwango cha kutisha. Mahali penye miti mizuri wanaweza kufika milioni moja na nusu katika ekari moja. Ndege, kuchakulo, mbwa wa majirani, wote wanakula mpaka wanachoka, na karamu inaendelea bila wao.

Lakini wingi peke yake hauelezi namba. Hapa ndipo wanahisabati wanapoingia. Kuna makundi mengine ya nyenje, zaidi kusini mwa nchi hii, yanayotoka kila baada ya miaka 13. Sasa 13 na 17 zote ni namba tasa. Mwalimu wa hesabu alitufundisha: namba tasa haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Lugha yetu imeipa jina zuri kweli, maana ni namba isiyo na watoto.

Tuseme nyenje wangetoka kila miaka 12. Adui ambaye huongezeka kila miaka miwili angewakuta kila wanapotoka. Wa miaka mitatu naye angewakuta, wa minne vile vile, wa sita pia. Lakini kwa 17, adui wa miaka mitatu akikutana nao leo, hatawakuta tena sawasawa mpaka ipite miaka 51. Vile vile, kundi la 13 na kundi la 17 yakitoka pamoja mwaka mmoja, hayatakutana tena mpaka ipite miaka 221, yaani 13 mara 17, kwa hiyo hayachanganyi damu ovyo. Mwaka 2024 makundi mawili ya namna hiyo yalitoka pamoja sehemu za kati ya nchi. Mara ya mwisho yalikuwa yametoka mwaka mmoja 1803, wakati Thomas Jefferson ni rais. Jina hilo lishikeni, tutalirudia.

Haya maelezo ya namba tasa ni dhana inayopendwa, siyo sheria iliyothibitishwa. Ila kuhusu namna wanavyohesabu, kuna jaribio moja zuri sana. Kule California mwaka 2000 mtafiti Richard Karban na wenzake walichapisha habari zake. Walichukua tunutu wakawaweka kwenye mizizi ya miti ya pichi ambayo imefanywa ichanue mara mbili ndani ya mwaka mmoja badala ya mara moja. Nyenje wale wakatoka mwaka mmoja kabla ya wakati wao. Kumbe hawahesabu miaka kwa jua wala kwa baridi. Wanahesabu mara ambazo mti umechanua, kwa kuonja maji ya mizizi. Ukiudanganya mti, umemdanganya nyenje.

Na wanakosea pia. Mwaka 2017 wengi wa Kundi la Kumi walitoka hapa kwetu miaka minne mapema. Walikuwa wachache mno kushibisha ndege, wakaliwa kama wageni waliofika harusini kabla ya siku.

Fikiria pia wale waliochimba mwaka 1953 wakati eneo hili ni mashamba matupu. Wamekaa chini wakinyonya mizizi, na juu Rouse ananunua ardhi, anang'oa miti, anamwaga lami. Mwaka 1970 muda wao ukafika. Waliokuwa chini ya mti uliobaki walitoka na kuimba. Waliokuwa chini ya maegesho ya magari, historia yao iliishia hapo.

Mtu aliyeishi kwa hesabu ya nyenje

Sasa tumfikie binadamu aliyenifanya nishike kalamu.

Ukitoka Columbia kwa gari, kwa muda usiofika nusu saa unavuka mto Patapsco na kuingia kijiji cha Oella. Hapo kuna makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka 1998 kwenye shamba la mtu mmoja mweusi aliyezaliwa Novemba 1731. Jina lake Benjamin Banneker. Baba yake, Robert, alikuwa mtumwa aliyepata uhuru. Ukoo wao unasimulia kwamba jina Banneker limetokana na babu mzaa mama, aliyeletwa mtumwa kutoka Afrika. Mwaka 1737 Robert alinunua ekari 100 na kulipa kwa tumbaku, ratili 7,000, na akaandikisha jina la Benjamin, mtoto wa miaka mitano, kwenye hati ya shamba. Yaani katika nchi ambako mtu mweusi aliuzwa kama mbuzi, mzee yule alihakikisha mwanawe ana karatasi inayosema hii ardhi ni yake.

Benjamin hakusoma sana. Aliazimwa saa ya mfukoni, akaitazama ndani, na akiwa na miaka kama 22 akachonga saa ya ukutani kwa mbao. Ilifanya kazi miaka mingi, na watu walikuja kuiangalia. Baadaye ukoo wa Ellicott, wenye vinu vya kusaga ngano pale jirani, ulimwazima vitabu na darubini. Mzee, wakati huo umri unakaribia miaka 60, akajifundisha elimu ya nyota peke yake mpaka akaweza kupiga hesabu za kupatwa kwa jua. Mwaka 1791 alichukuliwa na Meja Andrew Ellicott kwenda kupima mipaka ya mji mkuu mpya, ule mraba wa maili 10 kila upande. Kazi yake ilikuwa kwenye hema la vipimo, kutunza saa na kuangalia nyota usiku. Kwa hiyo jirani yetu huyu wa Columbia ndiye aliyesaidia kuipima Columbia ile nyingine.

Mtasikia watu wakisema eti ramani ya Washington ilipotea na Banneker akaichora upya yote kwa kukumbuka kichwani. Hiyo ni hadithi tu, haina ushahidi. Mimi naona haimwongezei kitu. Aliyoyafanya kweli yanamtosha.

Na mojawapo ya hayo, ambalo wengi hawalijui, ni nyenje.

Karibu mwaka 1800 Banneker aliandika kwenye daftari lake habari za wadudu hawa. Wazungu wa huku waliwaita nzige, kwa sababu waliwasoma nzige kwenye Biblia na hawakujua tofauti. Sisi tunaijua: nzige anatembea kwa makundi na kumaliza shamba, kama walivyofanya Kenya, Ethiopia na Somalia mwaka 2020. Nyenje hali mazao. Lakini Banneker kijana hakuwa na wa kumweleza. Anasema kwamba mwaka 1749 aliwaona maelfu wakitambaa juu ya miti, akadhani wamekuja kula mazao na kuleta njaa, akaanza kuwaua mpaka akaona anajichosha bure. Wakaja tena 1766, na safari hii alishakuwa mtu mzima mwenye akili ya kutowagusa. Wakaja 1783. Hapo hesabu ikakamilika kichwani mwake: aliandika kwamba watarajiwe 1800, na kwamba kurudi kwao ni kila miaka 17. Akawafananisha na nyota zenye mkia, zinazotutembelea kwa muda mfupi kisha kuondoka. Mtu wa nyota anaona nyota hata kwa wadudu.

Wakatoka 1800, kama alivyosema.

Sasa tazameni umri wake. Amezaliwa mwishoni mwa 1731. Mwaka 1749 nyenje walimkuta na miaka 17. Mwaka 1766, miaka 34. Mwaka 1783, miaka 51. Mwaka 1800, miaka 68. Kila walipotoka, umri wake ulikuwa unagawanyika kwa 17. Mzee aliishi kwa hesabu ya nyenje bila kuomba.

Kwetu hili si jambo geni. Muulize bibi alizaliwa lini, atakwambia mwaka wa nzige, au mwaka wa njaa fulani, au mwaka wa mvua kubwa. Watoto wa shule tunacheka na kusema bibi hajui tarehe. Kumbe bibi anayo kalenda, sema haijachapishwa.

Wanaoza huku wanaimba

Katika daftari lile kuna jambo la mwisho, na ndilo la ajabu kuliko yote. Banneker aliona kwamba sehemu ya nyuma ya nyenje inaoza na kudondoka, na mdudu haonyeshi kusikia maumivu yoyote. Anaendelea kuimba hivyo hivyo mpaka kufa.

Ukisoma haraka utadhani ni utenzi. Siyo utenzi, ni ripoti. Maelezo yake yanalingana kabisa na ugonjwa wa kuvu ambayo wanasayansi waliipa jina Massospora karne ya 19, yeye akiwa ameshafariki. Kuvu hii inamwingia nyenje ardhini. Akishatoka na kupata mabawa, inamla tumbo kutoka nyuma. Theluthi ya mwili inaanguka, panabaki kidonge cheupe kama chaki, na kila anaporuka anamwaga unga wa ugonjwa juu ya wenzake. Kinachoshangaza ni kwamba halali chini afe. Anazidi kuchangamka. Dume mgonjwa, aliyebakiwa na nusu mwili, anaendelea kutongoza. Na siyo kutongoza tu: anatikisa mabawa kwa namna ambayo jike hutikisa akiitikia wito, ili dume wengine nao wamkaribie, na wakimkaribia wanaambukizwa.

Mwaka 2019 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia lilitangaza lilichokikuta ndani ya nyenje hawa wagonjwa. Shikilieni viti. Ni kathinoni.

Kwa asiyejua, kathinoni ndiyo kemikali inayompa mtu kuchangamka akitafuna mirungi. Miraa, khati, iteni mnavyoiita kwenu. Ile ile ya Meru, ya Harar, ya kijiweni, inayomfanya mtu azungumze mpaka alfajiri, asisikie njaa wala usingizi, na kila wazo lake likaonekana mpango wa kuokoa taifa. Kabla ya hapo kathinoni ilijulikana kutoka kwenye mmea tu. Na kumbe hapa Maryland na majimbo jirani kuna kuvu inayoitengeneza yenyewe, ndani ya tumbo la mdudu, pasipo mtu kuagiza kitu kutoka Meru.

Watafiti wenyewe ni waangalifu. Kuikuta kathinoni ni jambo moja, kuthibitisha kwamba ndiyo inayomfanya nyenje asilale ni jambo jingine. Lakini picha inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kumwona mtafunaji saa tisa ya usiku.

Na kwa kuwa tuko ugenini, nisiache hili: hapa Marekani kathinoni imo kwenye orodha ya juu kabisa ya dawa zilizopigwa marufuku, tangu mwaka 1993. Uingereza nayo ilipiga marufuku mirungi mwaka 2014. Kwa hiyo binamu akikuambia anakutumia "majani ya chai" kidogo, mwambie asante, Lipton zipo dukani. Na wale mnaojiuliza kuhusu kutafuna nyenje wagonjwa: acheni. Nyenje wazima watu huku wanawala, wanawakaanga kama tunavyokaanga senene. Wagonjwa waachieni maabara.

Nani anaitwa mwanasayansi?

Sasa tuseme ukweli wote. Banneker hakuwa mtu wa kwanza kuandika habari za nyenje hawa. Mchungaji mmoja Msweden, Andreas Sandel, aliwaandika kule Philadelphia mwaka 1715. Na mwaka ule ule wa 1749, Banneker akiwa kijana anawaua shambani, msomi mwingine kutoka Sweden, Pehr Kalm, alikuwa Pennsylvania akiwatazama wadudu wa kundi lile lile. Kalm alirudi kwao, habari zake zikachapishwa mwaka 1756 katika jarida la chuo cha sayansi, na mwaka 1758 mwalimu wake, Linnaeus, akampa mdudu jina la Kilatini lenye maana ya kumi na saba.

Lakini Kalm alipita. Miaka 17 ya nyenje aliipata kwa kuulizia wenyeji. Banneker alikaa. Aliwaona mara nne kwa macho yake mwenyewe, pale pale shambani, kwa muda wa miaka 51, na akapata namba kwa hesabu yake mwenyewe. Jarida lilimpokea Kalm. Maandishi ya Banneker juu ya nyenje hayakuchapishwa uhai wake wote.

Na yalinusurika kwa bahati. Banneker alifariki Oktoba 1806. Alikuwa ameacha maagizo, na mpwa wake akabeba vitabu, vyombo vya vipimo na daftari kuvipeleka kwa George Ellicott. Siku ya mazishi, nyumba yake ikaungua moto. Saa ya mbao iliteketea pamoja na karibu kila alichokuwa nacho. Mpwa yule angesema "nitapeleka kesho", leo nisingekuwa na la kuwaandikia. Mwaka 2014 watafiti Janet Barber na Asamoah Nkwanta walichapisha uchambuzi wa ukurasa ule wa nyenje kama ulivyoandikwa kwa mkono wake. Kutoka mwaka 1800 hadi hapo ni miaka 214.

Lile jina la Jefferson sasa. Agosti 1791 Banneker alimwandikia, wakati huo Jefferson ni waziri wa mambo ya nje, akamtumia hesabu zake za nyota na kumuuliza, kwa adabu lakini bila kupindisha, inakuwaje mtu aliyeandika kwamba binadamu wote wameumbwa sawa anawashikilia wenzake utumwani. Jefferson alijibu kwa heshima na kusema anazipeleka hesabu hizo Paris. Lakini mwaka 1809, Banneker keshazikwa, alimwandikia rafiki yake kwamba yule mtu labda alisaidiwa na Ellicott, na kwamba akili yake ilikuwa ya kawaida tu.

Mnaujua wimbo huo. Erasto Mpemba aliusikia Magamba, Lushoto, mwaka 1963. Kijana wa kidato cha tatu aligundua kwamba maziwa ya moto aliyoyatia kwenye jokofu kutengeneza aiskrimu yaliganda kabla ya yale yaliyopoa. Alipouliza, mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya dunia, na darasa likamcheka. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne. Huyu hakucheka. Alirudi Dar akapima, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Mpaka leo wanafizikia wanabishana juu ya jambo hilo, na wanabishana kwa jina la Mpemba.

Tofauti kati ya Banneker na Mpemba siyo akili. Ni kwamba mmoja alimpata wa kumchapishia angali hai.

Wengi wetu tuko huku tunasoma jinsi ya kupima na kuandika mambo ya watu wengine. Ni vizuri, ndiyo maana tulikuja. Lakini nyumbani kuna watu wenye hesabu za miaka 50 kichwani: mzee wa Bukoba au Masaka anayejua senene wanakuja mwezi gani na mwaka upi walikosekana, mvuvi wa Pemba anayejua samaki gani ameacha kupita, bibi na mwaka wake wa nzige. Hao hawana daftari, na nyumba zao nazo zinaweza kuungua. Wikiendi hii ukipiga simu, kabla hujauliza habari za Western Union, uliza moja la namna hiyo. Halafu andika jibu, na tarehe, na jina la aliyesema.

Kwa wale watakaobaki huku: nyenje wetu wanatoka Mei 2038. Tukianza kuhesabu na wale aliowaona Banneker mwaka 1749 kuwa wa kwanza, wale wa 2021 walikuwa wa 17. Mtoto aliyezaliwa hapa Columbia wakiimba mwaka ule atakuwa anakaribia kumaliza sekondari watakapotoka tena. Piga hesabu na wewe utakuwa na miaka mingapi. Kama inagawanyika kwa 17, niandikie.

Wasalaam.